Programu Yangu ya Zimamoto na Maadui Zake

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba

Nina hasira. Naanza na hilo lisije likasahaulika huko mbele.

Asubuhi Komanda Philémon alitukusanya mbele ya kituo, sisi wote wa zimamoto, akatangaza kwamba juma hili likiisha anastaafu na kurudi Luberizi kulima mpunga. Nililia kidogo. Nililia mbele yake, aone. Miaka yote hii mimi, Sajini Stanislas, nimembebea mwavuli na kucheka vichekesho vyake. Kiti chake ni changu. Kila mtu anajua hivyo isipokuwa yeye mwenyewe, maana hapo hapo aliongeza kwamba bado hajaamua atamwachia nani!

Kisha akaeleza. Bourgmestre, meya wa eneo letu, anataka vijana wa kilimani wafundishwe kuzima moto kabla kiangazi hakijakolea. Kule juu nyumba za mbao zimebanana mpaka jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitandani. Moja ikishika, mstari mzima unakwenda. Basi atakayeanzisha programu hiyo, ikaonekana Jumamosi mbele ya bourgmestre, ndiye atakayepata kiti. Alisema hivyo akitutazama watu wawili: mimi na Lucien.

Lucien! Dereva! Mtu ambaye mali yake kazini ni gari moja na jiwe moja. Gari letu lina betri mbovu tangu zamani, kwa hiyo hulala mteremkoni nje ya kituo, pua ikitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Tukiitwa, Lucien anaondoa jiwe, gari linateremka, anaachia klachi, linakohoa, linawaka. Injini ikiwaka pampu inazunguka na maji yanaruka. Nusu ya magari ya Bukavu yanawashwa hivyo, hakuna cha kujivunia. Lakini Lucien anaosha jiwe lile! Nimemwona kwa macho yangu, kwa sabuni.

Cheo changu katika programu nimekwisha kukichagua: Mkurugenzi-Mwanzilishi. Mke wangu Mélanie ameuliza kama cheo hicho kinaleta hata kabichi moja nyumbani.

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa saba

Nilipanda kilimani na kipaza sauti cha kituo. Nikatangaza programu kubwa, ya kisasa, ya vijana wote, yenye cheti. Walikuja kwa wingi mpaka moyo ukanidunda. Wengine walivaa viatu vya kanisani. Nikaanza hotuba. Nilipofika kwenye sehemu ya kujitolea kwa ajili ya nchi, kijana mmoja akauliza T-shirt ziko wapi. Mwingine akataka kujua kama sucré, yaani soda, zitagawiwa kabla ya mafunzo au baada.

Kumbe walidhani mimi ni ONG, shirika la misaada! Ni kwa sababu ya jileti yangu yenye mistari ya kung'aa. Nikawaambia hakuna T-shirt, hakuna sucré, hakuna sambusa, kuna heshima. Uwanja ulibaki mtupu kabla sijamaliza kulitamka neno heshima. Aliyekuwa amevaa viatu vya kanisani alinilaani kwa Mashi, lugha ya kwetu, akifikiri sielewi. Mimi mzaliwa wa Kabare!

Walibaki wachache. Kati yao yumo Dany, anayebaki popote penye watu, na Mapendo, msichana anayebeba magunia pamoja na mama yake. Ana mabega mapana kuliko yangu. Mapendo hakuuliza sucré. Aliuliza maji yako wapi. Nikamwambia maji ni somo la saba.

Lucien alikuwa amesimama mbali, akila karanga. Naamini ndiye aliyewadanganya habari ya sucré. Ushahidi sina. Kwa mtu kama Lucien siuhitaji.

Jumatano, tarehe 3 mwezi wa saba

Somo la kwanza: mstari. Somo la pili: saluti. Somo la tatu: filimbi. Filimbi ndiyo roho ya kazi. Nikipuliza mara moja, wote wasimame. Mara mbili, wageuke nyuma. Mara tatu, wakimbie kwenye moto, kwa heshima. Bila filimbi hakuna kunyanyua hata unyayo. Walijifunza vizuri. Nilijisikia komanda kabisa, hata tumbo langu lilikaa vizuri ndani ya mkanda.

Halafu Mapendo akaharibu. Alinyoosha mkono, akaanza kusema kabla sijamruhusu. Alisema wakati wa Pasaka mstari wao wote uliungua, wakabaki na nguo walizovaa. "Tonton, siku ile gari ilifika," akasema. "Maji ndiyo haikufika." Aliuliza kwa nini. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilikuwa ndani ya gari lile. Nakumbuka jiwe lililonigonga kofia, na lingine lililovunja kioo cha Lucien. Sisi tunapanda kuwasaidia, wao wanatutupia mawe! Mabomba yalikuwa makavu juma zima, tanki lilikuwa tupu, nilitaka nimwagie moto kitu gani, mate? Lakini mtoto wa watu amesimama pale anangoja jibu, na nyuma yake unaiona nyumba yao mpya, mbao bado nyeupe, na mama yake mlangoni. Nikamwambia kwamba anayesema bila ruhusa atapiga saluti mpaka nimwambie basi. Akapiga. Alinitazama machoni muda wote.

Nimerudi nyumbani na hasira. Sijui vizuri nimemkasirikia nani. Nadhani Lucien.

Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa saba

Wizi! Wizi wa mchana!

Nilifika uwanjani na filimbi yangu, hakuna mtu. Nikafuata kelele. Nikawakuta vijana wangu wote juu karibu na kisima, mikononi mwa Maman Emérence.

Huyu Emérence ni rais wa mama wabeba mizigo. Ana sauti inayofika ng'ambo ya mto Ruzizi, na kofia ya kijani aliyoipata wakati wa kampeni fulani, haivui hata kanisani. Alikuwa amewapanga vijana wangu kutoka kisimani hadi juu kabisa, wanapokezana bidoni za maji, yale madumu ya plastiki, mkono kwa mkono, zilizojaa zikipanda upande huu, tupu zikishuka upande ule. Hakuna saluti! Hakuna filimbi! Mama zake wanapandisha bidoni nyingine mgongoni kwa mugozi, ule mkanda wa kipajini, huku wakiimba. Wengine aliwapa shoka na kamba, wajifunze kuangusha nyumba iliyo mbele ya moto ili moto ukifika ukute pengo. Aliwaonyesha banda bovu la jiko la kuangusha kwa mazoezi. Wakaangusha la jirani. Mzee mwenyewe alikuwa ndani anakula bugali. Ukuta ulipoondoka alibaki ameketi juani, tonge mkononi. Emérence hakuomba hata msamaha, alimwambia sasa ana mwangaza wa kutosha!

Nilimwendea. Nikamwambia vijana hawa ni wa serikali, yaani ni wangu. Akanijibu: "Papa Stani, shika kwanza hii bidon, utaniambia tukiwa tunapanda." Nikaishika kwa adabu tu. Nikazungumza kwa ukali sana, hoja baada ya hoja. Nilipomaliza nikajikuta juu kabisa ya kilima, jasho linanichuruzika, bidoni imeshapokewa na mtu mwingine, na mimi nimepewa tupu ya kushusha.

Hata hakuficha nia yake. Anataka bourgmestre ataje jina lake Jumamosi, na mama zake wapewe buti za mpira. Mroho mkubwa! Anatumia hatari ya watu kujitafutia sifa.

Nikashuka. Njiani wazo likanijia, na ni wazo kubwa. Jumamosi patakuwa na moto. Moto wangu mwenyewe. Nitajenga kibanda uwanjani, nitakiwasha mbele ya wageni, na nitakizima kwa gari, kwa maji yanayoruka juu kama inavyotakiwa. Vijana watasimama mstarini wakipendeza. Emérence na bidoni zake ataonekana mtu wa kale.

Ijumaa, tarehe 5 mwezi wa saba

Siku ya maandalizi na ya maudhi.

Kibanda kimekamilika: mbao kavu, majani ya mikaratusi, matambara yaliyolowa mazuti, yaani dizeli. Ni kizuri kiasi kwamba mtu mmoja aliuliza kama kinapangishwa. Upande wa pili wa uwanja tumejenga jukwaa la wageni, mbao na turubai, limeegemea mstari wa nyumba ili upepo usiwasumbue wakubwa.

Vijana niliwarudisha kwa kuwaahidi bereti. Bereti hazikuwepo. Mapazia yalikuwepo. Mélanie alikuwa ameenda Miti kumwona mama yake, na fundi cherehani ni jirani yetu, basi mapazia ya sebuleni yamekuwa bereti nyekundu zenye maua. Mélanie amerudi jioni, akasimama mbele ya dirisha muda mrefu. Aliyoyasema siyaandiki. Watu wote wa barabara wametuona tukila.

Sasa Lucien. Gari lilijazwa maji ziwani, tanki mpaka juu. Safari hii maji yapo! Hakuna atakayetutupia jiwe. Lucien akalipandisha kilimani likinguruma, akataka kuliegesha barabarani, kwenye mteremko kando ya uwanja, pua ikitazama chini. Nyuma ya choo! Nikamwamuru aliingize uwanjani, katikati, litazame jukwaa, lipigwe picha. Akakataa. "Sajini, hii gari hailalake ku plat," akasema, yaani halilali mahali tambarare, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili akihesabu maneno kwa vidole kama anamfundisha mtoto. Nikamwambia wivu utamuua. Akashuka na kuniachia usukani. Nikaliingiza mwenyewe, injini ikinguruma, nikaliegesha pazuri kabisa, nikazima. Palikuwa na ukimya mzuri.

Akaja amebeba jiwe lake kifuani, akauliza aliweke wapi. Nikamwambia pale ni tambarare, gari haliendi popote, alirudishe kituoni maana jiwe linaharibu picha. Akatabasamu. Sikupenda tabasamu lile, na mpaka sasa silipendi.

Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa saba

Niandike kwa utaratibu.

Bourgmestre alichelewa mpaka saa za alasiri, wakati ambao upepo wa ziwani unapanda. Kibanda kilikaa juani tangu asubuhi na kukauka zaidi. Viti vikajaa. Komanda Philémon alikaa kando ya bourgmestre. Vijana mstarini, bereti za maua vichwani, Mapendo wa mwisho kulia. Emérence na mama zake walikuja bila mwaliko, na bidoni zao, wakazikalia kama viti.

Mpango ulikuwa kuhutubu kwanza, kuwasha baadaye. Lakini nilifikiria picha. Mkurugenzi-Mwanzilishi anahutubu, nyuma yake miali! Nikawasha kwanza. Kisha nikapanda jukwaani, nikasimama pembeni ya meza ya heshima, nikaanza.

Hotuba ilikuwa nzuri. Nilipofika historia ya moto tangu enzi za mababu niliona watu wanajisogeza vitini, nikajua inawagusa. Nilipofika sehemu yangu mwenyewe, utoto wangu na vipaji vyangu, bourgmestre alisimama. Nikashukuru kwa kuinamisha kichwa. Sikutegemea heshima ile. Wengine nao wakasimama. Ndipo Philémon akanishika bega, akanigeuza.

Kibanda hakikuwepo. Palikuwa na moto mrefu kuliko mti, na upepo unauinamisha kuelekea kwetu.

Nikaagiza gari. Lucien akapanda polepole, akazungusha ufunguo. Tik. Tena. Tik. Akaniambia kupitia dirishani, bila haraka yoyote, kwamba sasa ninaweza kuondoa jiwe. Nikaamuru lisukumwe! Wanaume wakalisukuma, na shemasi mmoja akiwa na joho lake. Gari lililojaa maji, kwenye nyasi, tambarare! Halikusogea hata kidogo. Maji yote yale, tumeyabeba kutoka ziwani, na hakuna tone linaloweza kutoka kwenye mpira! Nilipiga teke gurudumu. Mguu unauma mpaka sasa.

Cheche zikatua juu ya turubai la jukwaa. Turubai likaanza kutoboka. Nyuma ya jukwaa ni nyumba. Nyumba ya kwanza, yenye mbao nyeupe, ni ya kina Mapendo.

Vijana walikuwa bado mstarini, wananitazama, wanangoja filimbi kama nilivyowafundisha. Nikaitia kinywani. Nikasahau! Ni mara mbili au mara tatu? Nikapuliza mara mbili. Wote wakageuka, wakaupa moto mgongo.

Mapendo peke yake hakugeuka. Aliivua bereti, akaitupa chini, akapiga ukelele, na Emérence akaitikia kwa sauti ile yake. Basi. Mama wabeba mizigo walikuwa tayari chini ya gari, wamefungua bomba dogo la kutolea maji ya tanki, bidoni zinajaa. Mstari ukajipanga kutoka kwenye gari mpaka kwenye jukwaa. Gari langu la kisasa likawa pipa! Dany na wenzake wakaja na shoka na kamba, wakawatoa wakubwa vitini, wengine kwa kuwanyanyua pamoja na kiti. Mimi nilikuwa nimerudi jukwaani kulinda meza ya heshima. Ilikuwa na kitambaa cha parokia. Nilikuwa nawapulizia filimbi warudi mstarini.

"Papa, toka apo! Tunabomoa!" Mapendo huyo, shoka mikononi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwao, mama yake alikokuwa anatupa magodoro nje kupitia dirishani. Niliona uso ule nikaogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya mawe. Nikashuka.

Waliangusha jukwaa lote, wakaburuta mbao mbali na nyumba, wakamwaga maji, wakamwaga mchanga. Moto ukafika mahali pa jukwaa, ukakuta pengo, ukakosa cha kula. Hakuna nyumba iliyoungua. Mlango wa kina Mapendo umebabuka rangi tu. Mama yake alikaa chini juu ya godoro, akacheka na kulia kwa pamoja, na Mapendo akakaa naye.

Mimi nilikuwa nimeshika filimbi.

Na sasa jambo la ajabu. Bourgmestre, masizi usoni mpaka masikioni, alinijia akanishika mikono miwili. Alisema hajawahi kuona maonyesho yenye ukweli kiasi hicho. Alidhani yote yalipangwa! Hata gari kutowaka, hata yeye kunyanyuliwa na kiti! Nikamwambia tulifanya mazoezi sana. Philémon alikuwa anasikia.

Jumapili, tarehe 7 mwezi wa saba

Misa ya pili. Padri alimshukuru Mungu, akawashukuru vijana, akamshukuru Maman Emérence, ambaye alisimama na kupunga mkono pande zote kama malkia, kofia kichwani. Watu wakapiga makofi kanisani. Jina langu halikutajwa! Nani aliyewasha moto wenyewe? Bila mimi wangezima nini?

Mlangoni mzee wa jiko lililobomolewa aliniuliza kama Jumapili ijayo ni zamu ya kanisa, ili akae karibu na mlango. Watu wakacheka. Nimewakariri wote waliocheka.

Lakini nimetulia. Bourgmestre alinishika mikono miwili. Kwa Lucien hakushika hata mmoja. Mchana nimejaribu namna nitakavyokaa kwenye kiti cha komanda: mgongo ukiegemea, kidevu juu, kidole kimoja shavuni. Mélanie amepita akaniuliza kama jino linaniuma.

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba

Sitaki kuandika. Naandika.

Philémon alituita tena mbele ya kituo. Nilisimama mbele kabisa, nimepiga pasi. Alianza kwa kusema kwamba bourgmestre amefurahi, anataka programu iendelee mwaka mzima. Nikapiga hatua moja mbele. "Stani, weye kaa kimya kwanza," akasema, na nilikuwa sijasema kitu!

Kiti ni cha Lucien.

Emérence na mama zake watapata buti, na wataendelea kufundisha mstari wa bidoni. Mapendo ni monitrice, yaani mkufunzi wa vijana. Ana kipande cha kitambaa begani, kipya. Alikipokea bila tabasamu, akakigusa mara mbili kuhakikisha kipo.

Nikauliza, na mimi? Philémon akanivuta pembeni. Akanipa njia mbili. Ya kwanza, Sange, kusaidia kituo kinachoanzishwa, ambacho bado hakina gari wala paa. Ya pili, kubaki hapa, nianze mafunzo upya pamoja na vijana, chini ya Mapendo, na nikifaulu ndipo nitarudishiwa usajini wangu. Nilimwambia ni tusi. Nilimwambia habari ya mwavuli, miaka yote ile, mvua yote ile. Akasema anaukumbuka mwavuli, na ndiyo sababu amenipa njia mbili badala ya moja. Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia nimshukuru Mungu kwamba bourgmestre haelewi mambo ya moto, kwa sababu yeye Philémon anaelewa, na usiku wa Jumamosi hakulala kwa kufikiria ile nyumba yenye mbao nyeupe.

Nikampigia saluti, nikageuka nyuma.

Nimechagua mafunzo. Si unyenyekevu! Sange kuna joto.

Lucien amekalia kiti. Hakuegemea mgongo wala hakuweka kidole shavuni. Hajui hata kukaa.

Jumatano, tarehe 10 mwezi wa saba

Jana mafunzo. Mapendo aliniweka mstarini kati ya Dany na bibi mmoja ambaye ana nguvu kuliko mimi na hafichi jambo hilo. Alinionyesha namna ya kupokea bidoni kwa mkono wa kushoto na kuisukuma kwa goti. Niliuliza saluti ni saa ngapi. Akasema, "Papa Stani, pokea." Hilo tu. Mikono imevimba.

Leo, moto wa kweli. Alasiri, kilimani, jiko la makaa limepinduka ndani ya nyumba. Lucien aliondoa jiwe lake, gari likawaka, likafika chini ya ngazi za udongo, na hapo ndipo gari lolote linapoishia. Kutoka pale ni watu. Mstari ulikuwa umesimama kabla hatujafika. Nikaingia mahali pangu, kati ya Dany na bibi. Bidoni zikapanda, bidoni zikashuka. Hakuna aliyetoa amri. Sikuona hata moto vizuri, niliona mgongo wa bibi na mikono ya Dany, na moshi juu. Waliangusha nyumba moja iliyokuwa mbele. Mwenyewe alilia, na vijana wameahidi kuisimamisha kesho. Iliyoungua ni moja tu. Mstari mzima upo. Watu wote wapo.

Wakati wa kukusanya bidoni, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja akanishika mikono iliyolowa. Simjui. "Aksanti, papa," akasema. "Aksanti sana." Akaenda kwa mwingine, akamshika naye.

Katika kazi hii sijawahi kuambiwa hivyo. Nimezoea mawe. Nilifurahi, naandika wazi, nilifurahi mpaka nikakaa juu ya bidoni tupu na kujifanya nafunga kamba ya kiatu. Mapendo alipita akaniona. Akaniachia nikae.

Lakini njiani nikishuka nilifikiri, na hasira ikarudi yote. Kwa nini moto wa leo ulizimika vizuri namna ile? Nini kilichobadilika? Pasaka, mimi sikuwa mstarini: mstari mzima uliungua. Leo, mimi nimo mstarini: nyumba moja tu! Jambo liko wazi kama mchana na hakuna hata mtu mmoja aliyelitaja. Lucien alikuwa chini, ameegemea gari. Na huyo ndiye komanda!

Kesho asubuhi nakwenda kwa bourgmestre kabla Lucien hajaamka. Nitampendekezea maonyesho makubwa zaidi, mbele ya mji wote, na safari hii nimefikiria kila kitu: ziwani. Tutachoma boti la zamani, karibu na bandari, maji pande zote. Kitaharibika nini? Wageni watakaa kwenye boti lingine, waone kwa karibu.

Mapendo nimemteua kuwa msaidizi wangu. Bado hajui.